Shamba Lile ni la Nani? Historia ya Mfano wa Magugu

Mwezi Juni mwaka 411, maaskofu wa pande mbili za Kanisa la Afrika ya Kaskazini walikutana mjini Karthago, katika jengo la mabafu ya Gargilius. Wakatoliki waliofika walikuwa 286, na Wadonati walikaribiana nao kwa idadi. Mbele yao alikuwa Marcellinus, mjumbe wa Kaisari Honorius, aliyetumwa kusikiliza na kukata shauri. Alipowaomba waketi, Wadonati walikataa. Mwenye haki, walisema wakitegemea Zaburi, haketi baraza moja na waovu. Marcellinus naye hakutaka kuketi ilhali maaskofu wamesimama. Kwa hiyo shauri lililokuwa limewagawa Wakristo wa Afrika kwa miaka mia moja likasikilizwa watu wakiwa wima.

Makarani waliandika maneno yaliyosemwa. Humo, katikati ya hoja za sheria na nyaraka za kale, umo ubishi juu ya mfano mmoja wa Yesu kuhusu Ufalme wa mbinguni: mfano wa magugu yaliyoota ndani ya ngano. Wakatoliki walishikilia kwamba shamba la mfano ule ni Kanisa, ambamo wema na wabaya hukaa pamoja hadi siku ya mwisho. Wadonati walijibu kwamba Bwana mwenyewe alikwisha kueleza shamba ni nini, wala hakusema ni Kanisa. Alisema ni ulimwengu. Kati ya mifano yote ya Ufalme, sijui mwingine ambao maelezo yake yameamua mambo mazito kiasi hiki: nani atozwe faini, nani afukuzwe nchini, nani achomwe moto, na baada ya karne nyingi, nani aachwe aabudu kama dhamiri yake inavyomtuma.

Mfano wenyewe ni mfupi na unapatikana katika Injili ya Mathayo peke yake, sura ya 13, ukiwa na ndugu zake: mpanzi, punje ya haradali, chachu, hazina iliyofichwa, lulu na juya la wavuvi. Mtu alipanda mbegu njema shambani mwake. Usiku, watu wamelala, adui yake akaja akapanda magugu juu ya ngano, akaenda zake. Majani yalipochipua na kutoa masuke, magugu nayo yakaonekana. Watumwa wakamwendea mwenye shamba wakiwa wamefadhaika, wakauliza magugu yametoka wapi, kisha wakajitolea kwenda kuyang'oa. Akawakataza. Mkiyang'oa, aliwaambia, mtang'oa na ngano. Viacheni vyote vikue hadi mavuno, na wakati huo nitawaagiza wavunaji wayakusanye magugu kwanza yachomwe, na ngano iingie ghalani.

Wasikilizaji wa Galilaya hawakuhitaji kuelezwa ni gugu gani. Wataalamu wa mimea huliita Lolium temulentum, na katika mashamba ya Mashariki ya Kati lilikuwa tishio la kila msimu. Likiwa changa, hata mkulima mzoefu hulitofautisha na ngano kwa shida. Mkulima wa mpunga aliyepata kupalilia mpunga pori katikati ya mpunga wake anaijua taabu hiyo. Linapotoa masuke ndipo siri hufichuka, lakini wakati huo mizizi yake imekwisha kushikana na ya ngano. Punje zake mara nyingi hubeba kuvu lenye sumu, na mtu akila mkate uliochanganyika nazo hupata kizunguzungu, macho huona giza, akapepesuka kama mlevi. Kulipanda katika shamba la mwenzako hakukuwa hadithi ya kubuni. Mwanasheria Ulpian, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3, alilitaja kosa hilo hasa alipoeleza madai ya fidia chini ya sheria za Roma, na maneno yake yakahifadhiwa katika mkusanyo wa sheria uliotolewa na Kaisari Justinian mwaka 533.

Kwa nini basi Yesu aufananishe Ufalme wa Mungu na shamba lililochafuliwa? Watu waliokuwa wakimsikiliza waliishi chini ya Herode Antipa, na juu ya Herode kulikuwa na Roma. Neno ufalme lilipotajwa, walilitarajia kwa sura ya hukumu. Yohana Mbatizaji alikuwa ametangaza kwamba shoka limekwisha kuwekwa penye shina la mti, na kwamba yule ajaye ana pepeto mkononi, tayari kupepeta nafaka na kuchoma makapi. Kule Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, jumuiya nzima ilikuwa imejitenga ili iishi katika usafi, ikiandika juu ya vita vya mwisho kati ya wana wa nuru na wana wa giza. Na Yohana yuleyule, akiwa gerezani, alituma wanafunzi wake wakamwulize Yesu kama ni yeye kweli, ama wamngojee mwingine. Swali lake lilikuwa la haki. Kama Ufalme umefika, mbona Herode bado yuko kitini? Mbona waovu bado wanakula na kunywa?

Mifano ya sura ya 13 inajibu swali hilo, kila mmoja kwa upande wake. Haradali na chachu zinasema Ufalme umekwisha kuanza, ila umeanza mdogo na kwa siri. Mfano wa magugu unaongeza jambo gumu zaidi kulimeza: Ufalme umeanza, na uovu haujaondolewa, na kuuondoa si kazi yenu. Hukumu ipo. Mfano haufuti moto wa mwisho, wala hausemi kwamba ngano na magugu ni kitu kimoja. Unachokataa ni haraka ya watumwa.

Baadaye, wakiwa nyumbani, wanafunzi waliomba wafafanuliwe, na Yesu akawapa maelezo ya jambo moja baada ya jingine: mpanzi ni Mwana wa Adamu, shamba ni ulimwengu, mbegu njema ni wana wa Ufalme, magugu ni wana wa yule mwovu, adui ni Ibilisi, mavuno ni mwisho wa dunia, wavunaji ni malaika. Ukiyasoma polepole utaona kuna watu walioachwa. Watumwa hawakuelezwa kuwa ni akina nani. Mimi naamini nafasi ile imeachwa wazi kwa msikilizaji. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya mwenye shamba na jembe mkononi. Nikiifuata historia ya mfano huu, naona jambo moja likijirudia: watumwa hawaridhiki na utumwa wao, wanataka kuwa wavunaji.

Ubishi ulianza mapema. Mwanzoni mwa karne ya 3, Kalisto, askofu wa Roma, alishutumiwa na mpinzani wake Hippolytus kwamba aliutumia mfano huu kuwabakiza wenye dhambi Kanisani. Cyprian wa Karthago, aliyekatwa kichwa kwa ajili ya imani mwaka 258, aliwaandikia Wakristo waliokuwa wamevutwa na mafarakano kwamba kuona magugu ndani ya Kanisa si sababu ya mtu kulihama. Ila jambo hili halikuwa na makali ya kweli mpaka baada ya dhuluma ya Kaisari Diocletian iliyoanza mwaka 303. Serikali iliamuru Maandiko yakabidhiwe yachomwe. Wengine walikataa, wakafa. Wengine waliyatoa, wakaitwa wasaliti. Dhuluma ilipopita na Caecilian akawekwa kuwa askofu wa Karthago, ikavuma kwamba mmoja wa maaskofu waliomwekea mikono alikuwa msaliti. Wale waliomkataa walisimamisha askofu wao, na baada yake akaja Donatus, ambaye jina lake likawa jina lao wote. Kwao Kanisa ni bibi arusi asiye na doa, na sakramenti iliyotolewa na mkono wa msaliti si sakramenti.

Wadonati hawakuwa kikundi kidogo cha pembeni. Katika vijiji vingi vya Numidia wao ndio waliokuwa Kanisa. Walikuwa na mashahidi wao waliouawa na askari wa Kaisari, na Donatus alipotembelewa na wajumbe wa Kaisari Constans aliwauliza Kaisari ana shughuli gani na Kanisa. Swali hilo lina uzito, ingawa ni wao waliotangulia kupeleka shauri lao kwa Kaisari Konstantino. Walikuwa pia na magenge ya vijijini yaliyowapiga mapadre wa upande wa pili kwa marungu. Augustino, askofu wa Hippo, aliwahi kunusurika kuviziwa kwa sababu tu mwongozaji wake alipotea njia.

Augustino alizaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi ambayo leo ni Algeria, na mfano wa magugu aliutumia dhidi ya Wadonati maisha yake yote ya uaskofu. Sehemu ya hoja yake, jambo la kushangaza, ilikwisha kuandaliwa na Mdonati. Tyconius, mlei msomi aliyekataa kuhama upande wake hata baada ya kulaaniwa nao, alikuwa amefundisha kwamba mwili wa Bwana hapa duniani una sehemu mbili, njema na mbaya, zisizotengana kwa macho ya binadamu. Augustino alilichukua wazo hilo akalipanua. Nani, aliuliza, amewapa Wadonati macho ya malaika? Na kama magugu yote yamo kwa wengine na ngano yote imo kwao, imekuwaje shamba la Mungu lililotandazwa duniani kote likabaki kona moja ya Afrika? Hata yule aliye gugu leo anaweza kesho kuwa ngano. Sioni jibu lolote la Wadonati lililoivunja hoja hiyo, nami siamini kwamba lipo. Mtu anayedai kuishi katika Kanisa lisilo na magugu amekwisha kujidanganya juu ya moyo wake mwenyewe.

Hata hivyo, katika suala la maana ya shamba, maandishi yaliwaunga mkono Wadonati. Augustino na wenzake walilazimika kusema kwamba ulimwengu unaotajwa pale ni Kanisa lililoenea ulimwenguni. Maelezo hayo yanakubalika kwa mhubiri anayewafariji waumini wenye kukerwa na unafiki wa majirani zao. Lakini yana matokeo. Ikiwa shamba ni Kanisa, basi amri ya kutong'oa ni amri ya mambo ya ndani ya Kanisa, na aliye nje ya Kanisa hana tena ulinzi wa mfano.

Ndipo mfano mwingine wa Ufalme ukaingia. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, mwenye karamu aliyekataliwa na wageni wake anamtuma mtumwa barabarani na mipakani awashurutishe watu waingie, nyumba ijae. Hapo awali Augustino alipinga matumizi ya nguvu, akitaka mjadala peke yake. Kufikia mwaka 408, alipomwandikia Vincentius, askofu wa kundi lililotoka kwa Wadonati, alikuwa amebadili msimamo. Alieleza kwamba mji wake wa nyumbani, Thagaste, ulikuwa wa Wadonati na ulirudi kwa hofu ya sheria za Kaisari, na sasa watu wake wanashukuru. Mtumwa wa karamu akapewa fimbo. Marcellinus alipotoa hukumu mwaka 411, Wadonati walishindwa, na Januari 412 Kaisari akaweka faini kwa kila daraja la watu, kuanzia ratili 50 za dhahabu kwa wakubwa wa ngazi ya juu kabisa. Makanisa yao yakachukuliwa. Padre mmoja wa Kidonati alijitupa kisimani kuliko kupelekwa kwa nguvu. Wakamtoa hai, na Augustino akamwandikia barua ndefu kumweleza kwa nini ilikuwa halali kumshurutisha.

Ni lazima haki itendeke kwa mtu huyu mkubwa. Kuua alikupinga mpaka mwisho. Alimsihi Marcellinus asiwaue hata Wadonati waliokiri kumwua padre wa Kikatoliki, na Marcellinus mwenyewe alipokamatwa kwa tuhuma za uasi mwaka 413, Augustino alihangaika kumwokoa bila mafanikio. Waliomfuata ndio waliosahau mipaka aliyoiweka, wakaibakiza ruhusa.

Upande wa mashariki, Yohane Krisostomo, akihubiri Antiokia karibu na mwaka 390, aliusoma mfano kwa namna ambayo ingeweza kuokoa wengi: Bwana anakataza kuua wazushi, kwa sababu kuua kungeleta vita visivyokwisha duniani, na kwa sababu wengi kati ya magugu huenda wakageuka. Aliruhusu wanyamazishwe na mikutano yao ivunjwe, lakini si kuuawa. Hatari hiyo haikuwa ya kufikirika. Miaka michache tu kabla, mjini Trier, Priscillian wa Hispania alikuwa amekatwa kichwa kwa amri ya mtawala Mkristo, baada ya kushtakiwa na maaskofu. Martin wa Tours alipinga kwa nguvu zake zote. Hakusikilizwa.

Kisha karne nyingi zilipita Magharibi bila mtu kuuawa kwa uzushi, hadi Desemba 1022, mfalme Robert wa Ufaransa alipoamuru kundi la watu, wengi wao makasisi, wachomwe moto mjini Orléans. Miaka ishirini na kitu baadaye, Roger, askofu wa Châlons, aligundua wakulima jimboni mwake waliokuwa wakikutana kwa siri, wasiokula nyama na wasiotaka kuua kiumbe. Alimwandikia Wazo, askofu wa Liège, akauliza: niwakabidhi kwa upanga wa serikali, au nifanyeje?

Jibu la Wazo lilihifadhiwa na Anselm, mwandishi wa historia ya maaskofu wa Liège, nami nalihesabu kuwa miongoni mwa maandishi bora ya Kikristo ya zama zile. Wazo hakuwatetea wale watu. Imani yao aliiona kuwa potovu. Lakini alimkumbusha mwenzake kwamba mwenye shamba alikwisha kujibu swali lake. Walio magugu leo wanaweza kuwa ngano kesho. Sauli wa Tarso alipokuwa akiwatesa waumini alionekana kuwa gugu la kung'olewa upesi, na kama angeng'olewa Kanisa lingemkosa Paulo. Huenda, aliendelea, hawa tunaowaona kuwa maadui wa Bwana njiani, Bwana amewaandalia nafasi iliyo juu kuliko yetu katika nchi ya mbinguni. Askofu anapowekwa wakfu hapokei upanga wa kuua; hupakwa mafuta awape watu uhai. Atengwe na ushirika yule asiyesadiki, na majirani waonywe. Basi.

Anselm anaongeza habari inayothibitisha kwamba Wazo alijua alichokuwa akikiogopa. Huko Ufaransa, anasema, watu walikuwa wakitambuliwa kuwa wazushi kwa weupe wa nyuso zao tu, kana kwamba kila aliyepauka amefunga kula kwa imani ya uzushi, na kwa kosa hilo Wakatoliki wengi wa kweli waliuawa. Ngano iling'olewa kwa wingi, kama mwenye shamba alivyoonya. Wazo alifariki mwaka 1048. Sikukuu ya Noeli ya mwaka 1051, huko Goslar, mbele ya Kaisari Henry wa Tatu, watu kadhaa walinyongwa kwa uzushi. Ushahidi mmojawapo dhidi yao ni kwamba waliagizwa wamchinje kuku wakakataa. Anselm aliandika kwamba, kama Wazo angekuwa hai, asingeiridhia hukumu ile.

Karne ya 13 ilikuja na mahakama za uchunguzi wa imani, na pamoja nazo msomi mkubwa kuliko wote, Thomas wa Akwino. Yeye aliufungua mlango kwa ufunguo mdogo. Bwana alikataza kung'oa pale ambapo ngano inaweza kudhurika, alisema Thomas. Basi pale ambapo magugu yanajulikana wazi na ngano haimo hatarini, katazo halipo. Mbegu ya hoja hiyo imo katika maandishi ya Augustino, ambaye aliihusisha na nidhamu ya Kanisa. Kwa Thomas ikafika hadi kifo. Kosa lake, kwa maoni yangu, halihitaji elimu ya chuo kikuu kulitambua: katika mfano watumwa wale tayari walikuwa wameyatambua magugu, masuke yalikuwa yameonekana, na bado walikatazwa.

Matengenezo ya karne ya 16 yangeweza kubadilisha mambo. Mwaka 1525 Martin Luther, katika mahubiri yake juu ya mfano huu, aliwalaumu waziwazi wale waliodhani wataumaliza uzushi kwa moto. Miaka michache baadaye naye alikubali serikali iwaadhibu waliofundisha kinyume. Balthasar Hubmaier, daktari wa theolojia aliyekuwa mhubiri wa Waldshut, hakurudi nyuma. Mwaka 1524 alichapisha kijitabu juu ya wazushi na wale wanaowachoma, na kati ya hoja zake mfano wa magugu umekaa katikati: wanaowachoma wazushi ndio wazushi wakubwa, kwa kuwa wanaharibu ngano kabla ya wakati. Alikamatwa na kuteswa na Waprotestanti wa Zürich, akaachiliwa, kisha akaangukia mikononi mwa Wakatoliki wa Austria. Tarehe 10 Machi 1528 alichomwa Vienna. Siku tatu baadaye mkewe, Elsbeth, alitupwa katika mto Danube akiwa amefungwa jiwe shingoni.

Mwaka 1553 tabibu Mhispania Miguel Servet, aliyekuwa ameandika kinyume cha fundisho la Utatu, alitoroka kutoka gereza la Wakatoliki huko Vienne, akapita Geneva, akatambuliwa kanisani akiwa anasikiliza mahubiri. Tarehe 27 Oktoba alichomwa katika kilima cha Champel, Jean Calvin akiwa ndiye mshtaki wake mkuu kwa hoja. Miezi mitano baadaye kitabu kilitokea Basel chini ya jina la uongo la Martinus Bellius. Kiliuliza kama wazushi wateswe, na kilikusanya maoni ya walimu wa kale na wa siku zile, Krisostomo na Luther wakiwemo. Mwandishi alikuwa Sebastian Castellio, aliyewahi kuwa mkuu wa shule mjini Geneva. Alikuwa maskini kiasi kwamba aliokota magogo yaliyokuwa yakielea katika mto Rhine ili familia yake ipate kuni, na wapinzani wake wakalifanya hilo kuwa shtaka la wizi. Calvin na Theodore Beza waliandika kwamba mfano wa magugu hauwafungi mikono mahakimu. Castellio aliandika kitabu kingine cha kumjibu Calvin. Kilichapishwa mwaka 1612, yeye akiwa amekufa tangu 1563.

Hatua ya mwisho ilichukuliwa ng'ambo ya Atlantiki. Roger Williams alifika Massachusetts mwaka 1631, mchungaji kijana aliyetaka Kanisa safi kuliko hata Wapuritani wenzake. Alifundisha kwamba hakimu hana mamlaka juu ya roho ya mtu, na kwamba mfalme wa Uingereza hakuwa na haki ya kugawa ardhi ya wenyeji. Mwaka 1635 alihukumiwa kufukuzwa. Januari 1636, theluji ikiwa imetanda, alitoroka porini, akapokewa na wenyeji, na katika ardhi aliyopewa na wakuu wa Wanarragansett akaanzisha mji wa Providence. Mwaka 1644, akiwa London kutafuta hati ya koloni lake, alichapisha kitabu cha mazungumzo kati ya Ukweli na Amani dhidi ya fundisho, alilosema ni la damu, la kuwatesa watu kwa sababu ya dhamiri. Bunge likaamuru kichomwe.

Sura baada ya sura za kitabu hicho zimejaa mfano wa magugu. John Cotton, mchungaji maarufu wa Boston, alikuwa ameshika mkondo wa zamani: magugu ni wanafiki ndani ya Kanisa. Williams alirudi kwenye maelezo ya Yesu mwenyewe, palepale Wadonati waliposimama miaka 1,233 kabla yake. Shamba ni ulimwengu. Kanisa linaweza, tena ni wajibu wake, kumtenga asiyetubu. Lakini katika ulimwengu, yaani katika mji, sokoni, mahakamani, mwabudu sanamu na mzushi na asiyeamini kitu wana haki ya kukua hadi mavuno, na anayewagusa kwa upanga kwa ajili ya imani yao amevunja amri ya Mwana wa Mungu. Hapo ndipo naona ukweli wa Wadonati na ukweli wa Augustino vikikutana baada ya kutengana kwa muda mrefu: shamba ni pana kuliko Kanisa, na hakuna binadamu aliyekabidhiwa mundu.

Williams hakusema hayo kwa sababu imani za watu hazikumsumbua. Makweka, yaani Wakristo wa kundi la Quakers, waliingia Rhode Island, koloni lake, na mafundisho yao aliyachukia kabisa. Boston ilimnyonga Mary Dyer, mwanamke wa imani hiyo, Juni 1660. Rhode Island haikuwagusa. Agosti 1672, Williams akiwa na umri wa karibu miaka sabini, alipiga makasia mchana kutwa kutoka Providence hadi Newport, akafika karibu na usiku wa manane, ili abishane na viongozi wao hadharani kwa siku kadhaa. Aliwaita kwa maneno makali. Hakumwita askari. Hati ya mwaka 1663 kutoka kwa mfalme Charles wa Pili ilikuwa imekwisha kuweka kwamba hakuna mtu katika koloni lile atakayesumbuliwa kwa tofauti za maoni katika dini, mradi asivunje amani.

Ulaya ilichelewa. Mwaka 1685 Louis wa Kumi na Nne alifuta Amri ya Nantes, iliyokuwa imewapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu, na mwaka huohuo barua mbili za Augustino za kutetea shurutisho dhidi ya Wadonati zikachapishwa upya kwa Kifaransa, ili kuonyesha kwamba Kanisa la Ufaransa linawatendea Waprotestanti kama Kanisa la Afrika lilivyowatendea wapinzani wake. Pierre Bayle, Mprotestanti aliyekimbilia Rotterdam, ambaye ndugu yake alifia gerezani Novemba ya mwaka huohuo, alijibu mwaka 1686 kwa kuushambulia usomaji wote wa mfano wa karamu: maelezo yoyote ya Injili yanayomlazimu mtu kutenda uovu ni ya uongo, hata yakisemwa na mtakatifu.

Tarehe 7 Desemba 1965, siku moja kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungwa, maaskofu wa Kanisa Katoliki, wakiwemo maaskofu wengi wa Afrika na kati yao Kadinali Laurean Rugambwa wa Tanzania, walikuwa Roma kwa kura ya mwisho ya tamko juu ya uhuru wa dini. Kura 2,308 zilikubali, 70 zilikataa. Katika sehemu ya 11, tamko linataja kwamba Kristo aliagiza magugu yaachwe yakue pamoja na ngano hadi mavuno, na linauweka mfano huo kati ya sababu kwa nini imani haiwezi kulazimishwa. Waliokataa walikuwa na Thomas wa Akwino nyuma yao, na karne saba za desturi. Katika sehemu inayofuata, kwa maneno machache sana, tamko linakiri kwamba katika safari ya taifa la Mungu mambo yalitendwa wakati mwingine yasiyolingana na roho ya Injili, au hata yaliyoipinga. Halikumtaja Priscillian, wala Hubmaier na mkewe, wala wale watu wa Goslar waliokataa kuchinja kuku.